Mkia wa Ng'ombe

Bunia, Mudzipela

Dada yangu Scholastique,

Pokea salamu zangu. Mgongo unauma kwa kubeba matofali, lakini napumua, Mungu ashukuriwe. Huko Aru mnaendeleaje? Miguu ya Mama imepungua kuvimba?

Umeniandikia kwamba Mama anataka kuondoa matanga ya Baba mwisho wa mwezi, maana tangu tukimbie vita vya Djugu hakuna aliyemwona. Umeuliza kama nitakuja. Nisikilize kwanza.

Jumapili Constant, mwenzangu wa matofali, alinivuta kwenye chumba cha video. Filamu ilikuwa ya Wanaijeria, ya baba na mwanawe, mbovu kabisa. Baba anatoroka nyumbani bila sababu, anarudi bila sababu, na mwana anamkumbatia akilia. Constant aliuliza kwa sauti kama huyo muzee alikwenda kununua chumvi akasahau njia. Watu wakacheka.

Kiingereza hatukijui, kwa hiyo kuna mfasiri nyuma ya pazia, na kipaza sauti chake. Anasema maneno ya wote kwa Kiswahili, hata ya wanawake, na mengine anayatunga. Mwana alipomkaribia baba yake, mfasiri akasema: "Weye mukia wa ng'ombe, ungali unanifuata?"

Dada, nani mwingine zaidi ya Baba aliniita hivyo? Na unakumbuka Kiingereza alikiokota wapi, akiuza ng'ombe Uganda.

Watu walipotoka nilivuta pazia. Ni yeye, amenenepa. Hakushtuka, aliniuliza tu kama nimelipa kiingilio. Hakufungwa, hakuugua. Alisema siku ile tulipopotezana alisikia mwili mwepesi, na hakutaka tena kubeba mzigo. Ana mke hapa, Véronique, anauza maandazi mlangoni. Nilimwambia Mama anamlilia. Akajibu kwamba matanga ni heshima, tusiyakatize.

Sikumkumbatia.

Mama usimwambie, nakuomba. Akijua, atapanda lori na miguu yake hiyo aje kumpikia. Mwache amalize kilio, avue nguo za msiba, alale usingizi. Mimi nitakuja kunyoa kichwa pamoja nanyi. Na padri akimwombea Baba apumzike, tuitikie amina kwa nguvu, maana kweli anapumzika.

Msalimie Mama sana, na majirani wote wanaomletea kuni.

Ni mimi mdogo wako,
Fabrice