Tathmini ya Wazee Wangu

Jumatatu, 3 Machi 2025
Barua imefika. Halmashauri inapunguza huduma — makao yetu ya wazee yabaki na "wasiojiweza" tu, wengine warudi kwa ndugu. Ndugu gani? Wazee wangu kumi na mmoja, hakuna hata mmoja mwenye pa kurudi! Afisa ustawi atakuja Alhamisi kuwafanyia tathmini.

Alhamisi, 6 Machi
Nimewaogesha wote alfajiri. Mashati yamepigwa pasi, Bibi Nyangi kavaa kitenge chake cha Pasaka. Wamependeza! Nimetembea kifua mbele kama mama wa bibi harusi.
Afisa akamuuliza Mzee Masatu kama anatembea. "Mimi nilikuwaga napiga kasia toka kisiwani Rukuba mpaka Bukima! Sishikwagi mkono." Kuoga je? Akacheka tu. Bibi Nyangi, ambaye haoni kabisa, akamsifia afisa shati lake! Kwetu mgeni hapokewi kwa malalamiko. Afisa kaandika, kashukuru, kaondoka.

Jumanne, 11 Machi
Majibu: wote "wanajiweza". Tufunge mwisho wa mwezi. Nimelia kwa hasira — pasi yangu ndiyo iliyowaponza.
Mtendaji wa kata, Revocatus, kaomba tathmini irudiwe Ijumaa. Kaninong'oneza: safari hii usiwaogeshe, afisa awakute hivyo hivyo. Nikamjibu nakuheshimu, mtendaji, lakini mzee wangu hatakaa na nguo chafu ili fomu ijazwe vizuri.
Wazee nimewaeleza ukweli wote. Mzee Masatu kageukia ukutani.

Ijumaa, 14 Machi
Nimewaogesha. Pasi kama kawaida. Sijutii!
Afisa akamwambia Mzee Masatu atembee hadi mlangoni. Nikajizuia nisiende. Akashika kiti, akainuka nusu, magoti yakaanza kutetemeka.
"Gaudensia, njoo unishike, mwanangu. Peke yangu siwezagi."
Mbele ya mgeni! Mbele ya wenzake wote! Miaka sita sijamsikia akiomba hata maji. Nikamshika, machozi yananitoka, na najivuna — sijapata kuona mwanamume jasiri hivi.
Afisa akauliza, kwa hiyo siku ile mlinidanganya?
Mzee Masatu akamjibu: "Hapana, baba. Siku ile tulikupokea. Leo tunakuomba."
Na Bibi Nyangi kutoka kwenye kona yake: "Na mimi sionagi. Andika na hilo."
Nimekuja jikoni kuchemsha chai. Namwona afisa kupitia mlangoni: kalamu mkononi, fomu mbele yake, wazee kumi na mmoja wamemzunguka. Hajaandika neno.
Andika, baba!