Lundo la Samadi Halihami

Jumapili, mwisho wa Januari. Hapa Kimbiji joto ni la kukera, upepo umegoma, na samadi yangu inanuka hadi barabarani. Sikatai. Inanuka.

Leo nimegombana na ukweni kwangu kote. Naandika hasira bado haijashuka, kwa hiyo atakayesoma anivumilie.

Mimi ni mtoto wa wakulima wa pamba wa Shinyanga, nimeolewa Pwani. Nashona mito, na nusu eka nyuma ya nyumba nalima pamba ya kujazia. Mwanzoni walinicheka, kisha wakaanza kuja kuomba mito. Halafu ukaingia mnyauko. Mimea imeshafika magotini, majani yakageuka njano, ikalegea, ikafa mmoja mmoja. Nilipopasua shina nilikuta weusi ndani. Niling'oa yote nikachoma, msimu uliofuata nikapanda mahindi.

Bwana shamba hakunificha. Ugonjwa ule unakaa kwenye udongo, wala hakuna dawa ya kupuliza ikauondoa. Kinachoweza kusaidia, alisema, ni samadi iliyoiva vizuri, kwa sababu inaleta ardhini vijidudu vyema vya kushindana na vile vibaya. Alisema “kinachoweza”, hakuniahidi. Mimi nimeling'ang'ania hilo hilo.

Mume wangu naye ametamka: msimu huu ndio wa mwisho. Pamba isipotoka, pale panajengwa vyumba vya kupangisha. Ndiyo maana nimelundika samadi ya ng'ombe pembeni ya uwanja. Naimwagia maji, naigeuza, naifunika. Ndani imeshika joto hasa, na joto hilo ndilo linaloivisha. Ukiitawanya sasa hivi ni mavi tu, yataunguza mizizi.

Basi leo kaja wifi yangu Zuhura, dada mkubwa wa mume wangu, kutoka Kinondoni. Binti yake anaolewa kabla ya Ramadhani, na shughuli itafanyika kwetu kwa sababu tuna uwanja. Nilipiga vigelegele, tena vya kutoka moyoni. Kisha akaliona lundo.

“Wifi, hili utaliondoa. Wageni wa bwana harusi waje kula pilau huku wananusa zizi?”

Nikamwambia turubai tulifunge upande wa mbele, na lundo nitaliongezea majani makavu harufu ipungue. Hakutaka kusikia. Akamwambia mdogo wake kesho aite vijana wa toroli wakalimwage. Mume wangu akakubali, hata hakuniangalia.

Nikachukua kiti cha plastiki nikaenda kukaa mbele ya lundo.

Mtu mzima mimi, mama wa watoto watatu, nalinda mavi ya ng'ombe! Mama mkwe akatoka kunitazama. Nikamwamkia shikamoo kwa mara ya pili, maana sikujua nianzie wapi.

“Marahaba. Mwanangu, mbona unatutia aibu?”

“Nisamehe mama, lakini mie hapa sitoki, na hili halitoki.”

Sijawahi kumjibu hivyo tangu niolewe.

Wifi kaondoka amenuna, kasema vijana watakuja nipende nisipende. Mume wangu hajanisemesha tangu mchana. Na inaniuma, kwa sababu yule binti nampenda, nimemsuka tangu mdogo. Mito ya chumba chake nitaishona, wakiipokea wasiipokee.

Ila kwa lundo, siombi radhi.

Sijui kama samadi itaushinda ugonjwa. Huenda mwezi wa tano nikawa nang'oa tena huku nalia. Sawa. Nikishindwa, nishindwe na mnyauko wenyewe, shambani, nikiwa nimepanda. Kushindwa na turubai la harusi, hapana.

Vijana wa toroli waje tu. Watanikuta nimeshaamka, nageuza samadi yangu, na koleo nimelishika mimi.