Waya wa Skrini

Wewe, uko hapo? Nimesimama nje kwa dada.

Unaikumbuka ile kompyuta niliyojinyima mpaka nikaiunda? Kasha la mtumba, prosesa ya kawaida, hela yote nikaitia kwenye kadi ya picha, ile inayosukuma picha kwenye skrini, ili nihariri video za harusi na nicheze gemu kidogo. Ikawa inakwamakwama tu, mpaka shemeji akainama nyuma ya mashine, akachungulia, akasema, "Kadi imekufa hii. Nipe nikaitupe." Nikampa.

Leo nimemkuta anacheza gemu. Kwa kadi yangu. Kadi yangu ileile, picha zinateleza kama maji.

Nikamuuliza imefufukaje. Hata macho hakuyatoa kwenye skrini. "Waya wa skrini ulikuwa umeuchomeka pabaya, shem. Uliuchomeka kwenye mashine, si kwenye kadi, kadi ikawa imekaa bure tu."

Nikamwambia, kwa hiyo siku ile uliona.

"Niliona."

Niliona. Hivyohivyo, mkavu. Na dada yangu yuko palepale anamenya vitunguu.

Nafika mlangoni, shemeji akaniita. Nikadhani angalau ataomba radhi.

"Shem, boksi la hii kadi bado unalo? Nikiiuza na boksi lake itachukuliwa haraka."