Reli Ambayo Ati Hatukuipanda

Jumanne, baada ya Isha

Ati wenyeji hawakuipanda! Mkuu wetu wa makumbusho, Bwana Haroub, anataka niandike hivyo kwenye maonyesho ya reli ya mkoloni: ilifungwa kwa hasara kwa kuwa watu wa shamba walipenda kwenda kwa miguu.

Kaitoa wapi? Kwenye ripoti ya meneja Mzungu aliyeiendesha kwa niaba ya serikali. Faili lenye ripoti hiyo nshalisoma lote. Maofisa, wake zao na mbwa wao wakipanda bure, behewa zima lao peke yao. Bi kizee mwenye tenga la samaki akilipa nauli yake na ya tenga.

Nikamwonyesha Bwana Haroub. "Mwanangu, wageni wanakuja kufurahi," kaniambia. "Andika ilivyoandikwa."

Mtu akutie hasara, kisha lawama akupe wewe! Na sisi mpaka leo tunamnakilia Mzungu maneno yake.

Mkataba wangu unakwisha mwezi huu, na naogopa. Basi nimeandika alivyotaka, neno kwa neno. Kisha kibao nikakibandika chini ya picha ya zamani ya treni hiyohiyo, watu wamejaa mpaka wamening'inia milangoni.

Bwana Haroub kapita, kasoma, kaitazama picha. "Umeona?" kasema. "Sasa imependeza."