Mkono Ule Mzima

Dada yangu kipenzi,

Mimi sijambo, nimekonda tu, usimwambie mama. Masomo haya ya ubingwa wa kurekebisha ngozi na viungo yananitoa jasho. Mwenzangu wa chumbani amesusa kuku, maana kila paja nalishona kwanza kujifunzia.

Siku ya kukunyoosha vidole vilivyojikunja tangu ulipoungua imepangwa. Ila sitakupasua mimi. Profesa amekataa katakata: "Ndugu hapasui ndugu. Mkono utakutetemeka." Nikanuna. Kisha nikashona paja nikijifanya ni mkono wako, sindano ikanidondoka.

Basi atapasua yeye. Mimi nitakaa upande wa pili, nimekushika mkono ule mzima, kama ulivyokuwa ukinishika tukivuka barabara.

Mdogo wako,
Daktari wa Kuku