Ng'ombe wa Reli Bwawani Zuzu

Mume wangu mdogo Ndahani,

Marahaba. Mama yako amepona mguu, na mbuzi mwekundu amezaa mapacha. Babu yako anajisifu kana kwamba amezaa yeye.

Umeniuliza kama wakati wa Mjerumani tulicheka hata siku moja. Tulicheka, tena bwawani. Reli ilikuwa inajengwa, mvua zilikuwa mbali, na hapa Zuzu maji yalibaki katika bwawa moja tu. Tulilizungushia miiba. Mifugo ilinywa nje, kwenye hodhi la udongo tulilolijaza kwa vibuyu.

Nyapara mmoja Mnyamwezi, kabila la watani wetu, akaja na ng'ombe wa kuvuta mikokoteni, akaamuru miiba iondolewe. Wangeingia, tungebaki na tope.

Mama mkwe wangu akasimama mlangoni pa ule uzio wa miiba. "Mtani, karibu sana na ng'ombe wako. Kwato zao zibaki nje."

"Hawa ni ng'ombe wa serikali!"

"Basi wanastahili heshima. Watekee wewe mwenyewe."

"Mimi? Mwanamume?"

"Kumbe hana mikono, maskini! Na yeye mpelekeni hodhini akanywe."

Tulicheka mpaka vibuyu vikatuponyoka. Hata vibarua wake walicheka. Nyapara akatutazama, akavua viatu, akashika kibuyu. Nusu ya maji aliimwaga njiani, nasi tukampigia vigelegele kila alipofika hodhini. Ng'ombe wote walishiba.

Bwawa lile lilitufikisha kwenye mvua. Lakini ninachokikumbuka zaidi ni kesho yake. Tulimwona anakuja kwa mbali mbele ya ng'ombe wake, na viatu tayari alikuwa amevishika mkononi.

Bibi yako anayekuchungulia njia