Kigelegele Nilichodhani Umeninyima

Kisangani, Komini ya Tshopo,
Tarehe 14 Juni 2024

Mpendwa mdogo wangu Ramla,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Hujambo huko Lubumbashi? Baridi ya Juni haikusumbui? Sisi tu wazima, ila papa yetu mzee analalamikia magoti, na kila akila pondu, kisamvu chetu, husema hakuna anayeitwanga kama wewe.

Na taya lako je? Najua, sijawahi kukuuliza.

Binti yangu Khadija, yule uliyekuja kwenye harusi yake, naye anaumwa taya. Akifungua mdomo linalia ko, hapa mbele ya sikio. Nilimpeleka kung'olewa jino, kama nilivyokupeleka wewe ulipokuwa na miaka kumi na saba. Safari hii daktari alikataa.

"Maman, meno yote iko muzuri," aliniambia. "Ni articulation, kiungo ya taya, ndiyo inauma."

Akamuuliza Khadija kama maumivu huzidi karibu na siku zake. Huzidi. Akaeleza kwamba ugonjwa huu huwapata zaidi wanawake, hasa wa umri wa kuzaa, na kwamba huenda homoni za kike zinakigusa kile kiungo na kuyakoleza maumivu. Wataalamu wenyewe bado wanabishana, alisema. Mimi nilikuwa simsikii tena. Nilikuwa nakuona wewe na kitambaa cha maji moto shavuni, mwezi baada ya mwezi, nami nikikuita mdekaji. Lile jino lako lilikuwa zima, Ramla.

Kisha Jumamosi iliyopita tulikuwa kwenye harusi ya jirani. Wanawake walipopiga vigelegele, Khadija akaziba mdomo kwa mkono. Mama mmoja nyuma yangu akasema, "Ule iko na wivu."

Hayo ni maneno yangu. Miaka mitatu iliyopita, kwenye harusi ya Khadija, hukupiga kigelegele, nami nikasema mbele ya watu wote: "Ramla iko na wivu, juu ya kukosa mutoto." Ulijaribu kunijibu meno yakiwa yamebana, nikadhani ni hasira. Kumbe taya lilikuwa limekwama. Kesho yake ukaondoka bila kuaga. Wanasema ulimi hauna mfupa, lakini wangu ulikuvunja moyo. Ninaona aibu, na ninakuomba msamaha.

Barua ni rahisi mno, maana nilikutukana hadharani. Agosti anaoa Jafari, kitinda mimba wangu. Njoo. Kabla ya kigelegele cha kwanza nitasimama niwaambie wanawake wale wale nilichokutenda. Hutadaiwa sauti yoyote. Utakaa karibu na Khadija, basi.

Papa anakusalimu, na Khadija na Jafari, na jirani yetu mama Angèle ambaye hachoki kukuulizia. Mungu akupe afya na usingizi mtamu.

Na hata usipokuja, nitasimama vilevile.

Ni mimi yaya wako, dada yako mkubwa, nikupendaye na kukuonea haya,
Nyota